Kusikia Mwili: Uhakiki wa Ripoti ya Ugonjwa wa Kucheka wa Kashasha wa 1962 kwa Mwanga wa Tafiti za Hofu ya Ghafla

1.0 Utangulizi

Msafiri anayetoka Bukoba mjini kuelekea Muleba hupita Muhutwe, kisha Kagoma, barabara ikikatiza katikati ya vibanja vya migomba na mibuni. Maeneo ya Kagoma, Kashasha na Nshamba leo yamo katika Wilaya ya Muleba. Mwaka 1962 eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bukoba, Tanganyika. Jina moja kati ya hayo, Kashasha, limeenea duniani kwa sababu ya tukio lililoanza tarehe 30 Januari 1962, majuma saba tu baada ya Uhuru, katika shule ya bweni ya wasichana iliyoendeshwa na misheni. Wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia pasipo kuweza kujizuia. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamekwisha kupatwa na hali hiyo.

Tukio hilo lina masimulizi ya aina mbili. La kwanza ni la mitaani na magazetini, linalosema kwamba kulikuwa na watu katika Afrika waliocheka mwaka mzima bila kukoma. La pili ni la kitabibu: ripoti ya A. M. Rankin na P. J. Philip iliyochapishwa mwaka 1963 katika jarida la Central African Journal of Medicine. Ripoti hiyo ni fupi, lakini karibu kila kilichoandikwa baadaye kuhusu Kashasha kinaitegemea. Kwa sababu hiyo inastahili kusomwa kama inavyosomwa matini nyingine yoyote yenye uzito: nani anasimulia, nani anasimuliwa, kipi kinapewa nafasi na kipi kinapitwa.

Hoja ya uhakiki huu ni kwamba ripoti ya 1963 ilikisikia kicheko zaidi kuliko ilivyoisikia hofu. Wasichana walieleza yaliyokuwa yakitendeka ndani ya miili yao. Maelezo hayo yaliandikwa, kisha yakaachwa bila kufanyiwa uchambuzi. Tafiti za miongo minne iliyopita kuhusu ubongo na utambuzi wa mwili kwa watu wenye ugonjwa wa hofu ya ghafla zinatoa sababu ya kuirudia sehemu hiyo iliyoachwa. Hata hivyo, tafiti hizo hazitoi ruhusa ya kuwapa wasichana wa Kashasha utambuzi mpya wa ugonjwa baada ya zaidi ya miaka 60. Uhakiki huu unajaribu kutembea kati ya mipaka hiyo miwili.

2.0 Ripoti na Namna Inavyosimulia

Nguvu ya ripoti ya Rankin na Philip imo katika kuhesabu. Inaeleza kwamba waliopatwa shuleni walikuwa na umri wa kati ya miaka 12 na 18. Kwamba shule ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei na wanafunzi wengine 57 wakapatwa kabla haijafungwa tena mwishoni mwa Juni. Kwamba huko Nshamba, ambako baadhi ya wasichana wa Kashasha walikuwa na makwao, watu 217 kati ya wakazi wapatao 10,000 walipatwa katika miezi ya Aprili na Mei. Na kwamba katika shule ya wasichana ya Ramashenye, karibu na Bukoba, wanafunzi 48 kati ya 154 walipatwa mwezi Juni. Njia ya uenezi inafuatiliwa kwa makini ya kuridhisha. Kila aliyepatwa alikuwa amekutana karibuni na mwingine aliyekwisha kupatwa.

Takwimu hizo zinatosha kuliangusha simulizi la mitaani. Ripoti haisemi kwamba kuna mtu aliyecheka mwaka mzima. Inasema kwamba shambulio la kucheka na kulia lilidumu dakika chache hadi saa kadhaa, likafuatiwa na utulivu, kisha likarudi. Na kwamba muda mrefu kabisa wa hali hiyo kwa mtu mmoja ulikuwa siku 16. Mtaalamu wa isimu Christian Hempelmann, katika makala yake ya mwaka 2007, aliufafanua upotoshaji huu na kuonyesha kwamba kicheko kilikuwa dalili moja tu miongoni mwa nyingine, na kwamba hakikuwa na uhusiano wowote na kichekesho. Hapakuwa na jambo la kuchekesha Kashasha.

Baada ya hesabu, ripoti inaingia katika vipimo. Wagonjwa hawakuwa na homa kali, kifafa wala kupoteza fahamu. Majimaji ya uti wa mgongo yalichunguzwa, na damu ilipimwa. Hakuna kimelea wala sumu iliyopatikana. Kwa kuwa vipimo havikuonyesha kitu, waandishi walihitimisha kwamba hiyo ilikuwa histeria ya umma miongoni mwa watu walio wepesi kuathirika, na kwamba yamkini ni ugonjwa unaotokana na utamaduni.

Hitimisho hilo lina kasoro mbili za kimantiki. Kwanza, ripoti inasisitiza kwamba watu wasomi na wenye upeo mpana hawakupatwa. Walimu wote watano wa Kashasha, Wazungu wawili na Waafrika watatu, walisalimika. Lakini wengi wa waliopatwa walikuwa wanafunzi, yaani hasa wale ambao wazazi wao walikuwa wamewatoa nyumbani ili wawe wasomi. Kilichowatenga na walimu huenda hakikuwa elimu. Kilikuwa umri, madaraka, na uwezo wa kutoka nje ya geti bila kuomba ruhusa. Msomi katika ripoti hii ni jina la mwenye mamlaka, ingawa halikutumiwa kwa nia hiyo.

Pili, neno utamaduni linatumiwa kana kwamba ni mali ya upande mmoja. Utamaduni unaodaiwa kuzaa ugonjwa ni ule wa vijiji vya Wahaya. Bweni la misheni, pamoja na kengele zake, ratiba zake, adhabu zake na ukimya wake wa usiku, halitajwi kuwa utamaduni. Benjamin Kagwa, aliyeandika mwaka 1964 katika East African Medical Journal, alipanua mjadala kwa kuliweka tukio la Bukoba pamoja na matukio ya Uganda, na kuyatazama katika muktadha wa jamii iliyokuwa ikibadilika kwa kasi. Upanuzi huo ulikuwa wa maana, ila nao ulibaki katika ngazi ya jamii nzima. Mwili wa msichana mmoja mmoja uliendelea kusubiri.

3.0 Kauli Iliyopitwa

Miongoni mwa dalili, ripoti inaeleza kwa ufupi kwamba wagonjwa walisema kuna vitu vinavyotembea kichwani, na kwamba waliogopa kuwa kuna mtu anayewakimbiza. Inaeleza pia kwamba walikuwa na wahaka na kwamba waligeuka wakali pale walipozuiwa. Zaidi ya hapo, kauli hiyo haikupewa aya yake, haikulinganishwa na dalili nyingine na haikufikishwa katika hitimisho.

Msomaji akiianza ripoti kutoka kwenye kauli hiyo, badala ya kuanzia kwenye kicheko, mpangilio mzima wa dalili unabadilika. Mtu anayeamini kwamba anakimbizwa, kisha akakamatwa na mikono asiyoiona vizuri, atapigana. Ukali ambao ripoti inauweka pembeni kama dalili ya kujitegemea unaweza kusomwa kama mwendelezo wa hofu. Hali kadhalika wahaka: anayehisi kuna kitu kinatembea ndani ya kichwa chake hawezi kuambiwa atulie kitini.

Kuna ushahidi mwingine katika ripoti hiyohiyo. Baada ya kusema kwamba uchunguzi wa mwili haukuonyesha kasoro, waandishi wanataja mambo mawili kama vighairi: mboni za macho zilikuwa zimepanuka, ingawa ziliitikia mwanga, na misuli ya viungo iliruka kupita kawaida kano zilipogongwa. Peke yake, ishara hizo hazithibitishi ugonjwa wowote. Lakini mboni hupanuka mwili unapokuwa katika tahadhari, na misuli huwa myepesi kuruka mfumo wa fahamu unapokuwa umekazwa. Miili ya wasichana, kwa hiyo, haikuwa kimya. Ilikuwa ikisema jambo lilelile ambalo vinywa vyao vilisema. Daktari aliyeandika kwamba hakuna kasoro alikuwa anatafuta kimelea, na kwa maana hiyo alisema kweli. Tatizo ni kwamba msomaji wa baadaye aliisoma kauli hiyo kama vile inasema hakuna kilichotokea.

Suala la lugha halikwepeki hapa. Ripoti imeandikwa kwa Kiingereza, lakini inahifadhi majina mawili ya Kihaya, kwa tahajia yake yenyewe: enwara yokusheka, yaani ugonjwa wa kucheka, na akajanja, ambalo waandishi wanalifasiri kuwa wazimu. Majina yote mawili ni ya mtu anayetazama kwa nje. Aliye nje husikia kicheko na huona wazimu. Jina ambalo aliyepatwa angelitumia kwa kile kilichokuwa kinatembea kichwani mwake halimo. Watu wa kawaida nao walitafuta maelezo, na ripoti inataja kwamba baadhi yao walidhani hewa imechafuliwa na milipuko ya mabomu ya atomiki. Dhana hiyo inaonekana ya ajabu leo, lakini ni ya watu waliojua kwamba mwili unapokea kitu kutoka nje, na waliokosa jina la njia inayopitia.

4.0 Yale Ambayo Tafiti za Hofu ya Ghafla Zimeonyesha

Mwaka 1962, dhana ya ugonjwa wa hofu ya ghafla kama ugonjwa unaojitegemea haikuwa imekubaliwa. Kwa sadfa ya historia, mwaka huohuo Donald Klein na Max Fink wa Hospitali ya Hillside, New York, walichapisha matokeo ya matumizi ya dawa ya imipramini, yaliyosaidia kutenganisha mashambulio ya ghafla ya hofu na wasiwasi wa kudumu. Ilichukua hadi mwaka 1980 kwa mwongozo wa Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kuupa ugonjwa huo nafasi yake. Rankin na Philip, basi, hawawezi kulaumiwa kwa kutotumia dhana ambayo haikuwapo. Wanachoweza kuulizwa ni kwa nini walichosikia hakikuwazuia hata kidogo.

Shambulio la hofu ya ghafla hufika kilele chake ndani ya dakika chache. Moyo huenda mbio, kifua hubana, pumzi hukatika, mikono hutetemeka, kichwa huzunguka, na mtu huamini kwamba anakufa au anapata wazimu. Shambulio moja si ugonjwa. Ugonjwa ni pale mashambulio yanapojirudia bila sababu ya wazi, na mtu akaanza kuishi kwa kuliogopa lijalo. Mwaka 1986, mwanasaikolojia wa Uingereza David Clark alipendekeza kwamba kiini cha hali hiyo ni tafsiri: mtu huhisi badiliko dogo la mwili, hulitafsiri kuwa msiba, tafsiri huzaa hofu, hofu huongeza badiliko, na duara hujifunga.

Swali lililofuata lilikuwa iwapo watu hao wanausikia mwili wao kuliko wengine. Rainer Schandry, mwaka 1981, alikuwa ametumia kipimo rahisi: mtu anakaa kimya, anahesabu mapigo ya moyo wake bila kugusa mshipa, na hesabu yake inalinganishwa na ya mashine. Anke Ehlers na Peter Breuer, mwaka 1992, waliripoti kwamba wenye ugonjwa wa hofu ya ghafla walikaribia zaidi hesabu sahihi. Matokeo ya baadaye yameleta utata. Uchambuzi mpya wa data uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba usahihi wa kweli ni nadra hata kwa wagonjwa, ingawa unaonekana kwao zaidi kuliko kwa wenye afya. Aidha, wakosoaji wamebainisha kwamba mtu anaweza kutoa hesabu nzuri kwa kukisia tu kasi ya kawaida ya moyo. Kutokana na mjadala huo, Sarah Garfinkel na Hugo Critchley wametofautisha mambo matatu: usahihi wa mtu katika kuusikia mwili wake, imani yake kwamba anausikia, na kiasi ambacho imani hiyo inalingana na usahihi. Kwa mwenye hofu ya ghafla, pengo kati ya imani na usahihi linaweza kuwa na uzito kuliko usahihi wenyewe.

Kuhusu ubongo, utafiti wa Critchley na wenzake wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba sehemu ya mbele ya insula, upande wa kulia, hufanya kazi zaidi mtu anapofuatilia mapigo ya moyo wake, na kwamba kiwango cha kazi hiyo kinakwenda sambamba na usahihi wake. Insula ni tabaka la ubongo lililokunjwa ndani, nyuma ya mkunjo wa pembeni, na hupokea taarifa za moyo, mapafu, tumbo na ngozi. Martin Paulus na Murray Stein, mwaka 2006, waliijengea nadharia: wasiwasi huzuka pale insula inapotangaza tofauti kubwa kati ya hali ya mwili inayotarajiwa na ile inayohisiwa.

Amigdala, ambayo kwa muda mrefu ilitajwa kuwa makao ya hofu, ilileta mshangao. Mwaka 2013, Justin Feinstein na wenzake walichapisha matokeo ya watu watatu ambao amigdala zao za pande zote mbili zilikuwa zimeharibiwa na ugonjwa adimu. Mmoja wao alijulikana kwa kutoogopa nyoka, buibui wala watu wenye silaha. Walipovuta pumzi ya hewa yenye asilimia 35 ya kaboni dayoksaidi, wote watatu walipata shambulio la hofu. Miongoni mwa wenye ubongo usio na jeraha, ni watatu tu kati ya 12 waliopata shambulio hilo. Kwa hiyo kuna hofu inayoingia kwa macho na masikio, na kuna hofu inayopanda kutoka ndani ya mwili kwa njia nyingine. Mtu anaweza kukosa ya kwanza na bado akaangushwa na ya pili.

Utafiti mmoja zaidi una umuhimu wa pekee kwa mjadala huu. Mwaka 1988, Ehlers na wenzake waliwasikilizisha wagonjwa mlio wa mapigo ya moyo wakiwaambia kwamba ni ya moyo wao. Kisha mlio huo ukaharakishwa ghafla, ilhali moyo wenyewe haukuwa umebadilika. Waliouamini mlio huo, miongoni mwa wagonjwa, walipata wasiwasi, na mioyo yao ya kweli ikaanza kwenda mbio. Sauti kutoka nje iliufundisha mwili jambo ambalo mwili haukuwa nalo.

5.0 Mipaka ya Mlinganisho

Ingekuwa rahisi sasa kutangaza kwamba wasichana wa Kashasha walikuwa na ugonjwa wa hofu ya ghafla. Tangazo hilo lingekuwa kosa, tena kosa la aina ileile iliyokosolewa hapo juu: kumpa mtu jina kutoka mbali. Shambulio la hofu ya ghafla hupungua baada ya dakika, ilhali Kashasha baadhi ya mashambulio yalidumu saa kadhaa. Ugonjwa wa hofu ya ghafla humpata mtu mmoja mmoja na kwa kawaida hauambukizwi kwa kutazamana. Kashasha uenezi ndio ulikuwa sura yake kuu. Kucheka na kulia hakumo katika orodha ya dalili zake. Zaidi ya yote, hakuna aliyewauliza wasichana hao juu ya mapigo ya moyo wao au pumzi zao kwa namna ambayo leo ingewezesha ulinganisho wa haki.

Kinachodaiwa hapa ni kidogo zaidi, lakini kina msingi imara. Tafiti za hofu ya ghafla zimethibitisha kwamba mtu anaweza kupatwa na badiliko la kweli la mwili, lenye njia zake katika ubongo, bila kuwapo kimelea, sumu wala jeraha. Kwa hiyo hatua ya kutoka kwenye vipimo safi hadi kwenye wepesi wa kuathirika, iliyofanywa mwaka 1963 bila kusita, haina tena uhalali. Kati ya vipimo safi na hitimisho hilo kuna swali ambalo lazima liulizwe kwanza: mgonjwa anahisi nini ndani, na anakitafsirije?

Ulinganisho huu unazikosoa pia tafiti zenyewe. Vipimo vya utambuzi wa mwili vinamweka mtu peke yake katika chumba kimya, amelala ndani ya mashine au ameketi mbele ya daktari. Mwili unachukuliwa kuwa kitu cha mtu mmoja. Bweni halifanani na chumba hicho. Bwenini, msichana anayekesha husikia pumzi ya jirani yake, na mwenzake anapoanza kutetemeka, kitanda chenyewe hutoa taarifa. Utafiti wa 1988 ulidokeza kwamba sauti ya nje inaweza kuingia katika hesabu ambayo ubongo unaufanyia mwili, lakini mtu mwingine hakuwamo chumbani. Mlio ulitoka mashineni. Kashasha sauti ilitoka kwa rafiki. Nadharia inayotaka kueleza utambuzi wa mwili pasipo kuwahesabu walio jirani na mwili huo itashindwa kueleza yaliyotokea katika shule, vijiji na madarasa ya Bukoba.

6.0 Kusikia: Lugha kama Chombo cha Uchunguzi

Kiswahili kina kitenzi ambacho ripoti ya Kiingereza haikuwa nacho. Mswahili husikia sauti, husikia harufu, husikia njaa, husikia baridi, husikia kizunguzungu na husikia moyo unadunda. Kitenzi hicho hakitofautishi kinachoingia kwa sikio na kinachopanda kutoka kifuani. Mwanafalsafa anaweza kuuona huo kuwa ukosefu wa upambanuzi. Kwa kuzingatia ushahidi uliojadiliwa, unaweza kuwa upambanuzi wa aina nyingine: kusikia kicheko cha jirani na kusikia mwili wako ni matendo yanayogusana, na pengine yanachanganyika. Msichana aliyesikia wenzake wakilia, kisha akasikia kitu kinatembea kichwani mwake, kwa Kiswahili ametumia kitenzi kimoja mara mbili. Kwa Kiingereza cha ripoti, la kwanza limekuwa maambukizi na la pili limekuwa wazimu.

Msamiati wa ndani ya mwili, hata hivyo, haukulindwa vizuri. Neno kiherehere ni mfano. Katika matumizi ya zamani, kiherehere cha moyo ni kule kupapa kwa moyo wenye wasiwasi. Leo neno hilo ni lawama: mwenye kiherehere ni mtu anayejitia katika mambo yasiyomhusu, na mara nyingi anayelaumiwa ni msichana au mwanamke. Neno lililomsemea mtu ndani limegeuzwa kuwa neno la kumkaripia nje. Jakamoyo, neno jingine la mahangaiko ya moyo, linasikika zaidi kwa wazee na katika maandishi kuliko kliniki. Mahali pake limeingia neno presha. Mtu anayesema amepandwa na presha anaweza kuwa na shinikizo la damu, anaweza kuwa na hofu, anaweza kuwa na vyote viwili. Mashine ya kupima ikionyesha namba za kawaida, neno lake pekee linakuwa limekanushwa, na hana jingine la kulishika.

Hapa ndipo suala la Kashasha linapoacha kuwa historia. Mtu mzima anayefika zahanati akiwa ameshika kifua, akiamini kwamba anakufa, akapimwa na kuambiwa kwamba hana ugonjwa, anarudi nyumbani na mzigo mpya: hofu ileile, pamoja na aibu ya kuonekana mwongo. Atarudi tena juma lijalo, au atakwenda kwingine. Msichana wa sekondari anayeanguka na kutetemeka darasani anaambiwa ana mapepo, au anaambiwa anajifanya. Maelezo yote mawili yanafanana katika jambo moja: hakuna linalohitaji yeye kuulizwa chochote. La kwanza linamkabidhi kwa mwenye kutoa pepo na la pili linamkabidhi kwa mwenye kutoa adhabu. Ripoti ya 1963, pamoja na heshima yake yote ya kisayansi, iliweka mfano wa tatu: ilimuuliza, ikaandika jibu, kisha ikaendelea kana kwamba halikutolewa.

7.0 Hitimisho

Ripoti ya Rankin na Philip itaendelea kuwa hati ya thamani. Bila hesabu zake, Kashasha ingebaki kichekesho cha redioni. Uaminifu wa waandishi wake unathibitishwa na jambo hili, kwamba ushahidi uliotumika hapa kuwapinga umetoka kwao wenyewe: mboni zilizopanuka, misuli iliyoruka, mtu anayekimbizwa, vitu vinavyotembea kichwani. Walikuwa nayo yote, ila waliyagawa katika mafungu mawili, la mwili na la maneno, na mafungu hayo hayakukutanishwa.

Kutokana na uhakiki huu, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, jina la janga la kicheko liachwe katika maandishi ya kitaaluma ya Kiswahili, au litumike kwa tahadhari, kwa kuwa linataja dalili iliyowavutia watazamaji na kuificha ile iliyowatesa wagonjwa. Pili, vipimo vya utambuzi wa mwili vinapofanywa miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili na Kihaya visitegemee tafsiri ya madodoso ya kigeni peke yake. Maneno ambayo watu wanayo kwa moyo, kifua, pumzi na kichwa yakusanywe kwanza, kwa kuwa mgonjwa hujibu swali alilolielewa. Tatu, katika shule na zahanati za Muleba na kwingineko, kauli ya kwamba mtu hana ugonjwa isitolewe kabla ya swali moja kuulizwa na jibu lake kusikilizwa hadi mwisho: unasikia nini?

Wasichana wa Kashasha waliokuwa na umri wa miaka 12 mwaka 1962 wamekwisha kupita miaka 70. Baadhi yao huenda bado wanaishi katika vijiji hivyohivyo vilivyo pembezoni mwa barabara ya Kagoma, wakiwa mabibi wa wajukuu wanaosoma. Muda wa kuwauliza haujakwisha, lakini haubaki mrefu.